SOJA WA SHULE ALIFUNGUA LANGO, MIMI NIKALIFUNGA

 

Leo sianzi na mstari wa asubuhi kama mlivyozoea. Leo nina neno zito, na nakuomba ulisome mpaka mwisho kabla hujaandika "Amina" pale chini. Kuna Amina zingine huandikwa haraka kwa sababu mtu hajafika mahali panapomuuma.

Jumanne usiku, tarehe 21 Mei, kuliingia sauti kwenye kikundi chetu cha WhatsApp cha kanisa. Dakika mbili na nusu. Mmoja wetu, ambaye simtaji, alisema walimu wa shule ya msingi hapa juu ya barabara "wamekula misaada ya mafuriko." Alisema stoo ya shule ilikuwa na mahindi kabla ya mvua, sasa ni tupu, na wazazi wanaitishwa pesa za chakula cha mchana upya. Kufika asubuhi, watu 31 walikuwa wameweka alama za kidole gumba na za moto. Hakuna hata mmoja aliyeuliza swali rahisi: hayo mahindi yaliliwa na nani?

Mimi najua yaliliwa na nani. Wengi wenu pia mnajua. Ndiyo maana naandika hapa mbele ya watu wote, si kule kwenye kikundi.

USIKU ULE

Turudi nyuma kidogo. Mvua hii ilikuta ardhi bado imeshiba maji ya El Niño ya mwisho wa 2023. Kufika Aprili mito ikajaa kila upande. Kwenye Mto Tana mashua ilipinduka na watu wakafa maji. Kule Mai Mahiu, usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili, maji yaliyokuwa yamezibwa chini ya njia ya reli yalifumuka yakasomba nyumba za watu wakiwa usingizini. Nchi nzima tumezika zaidi ya watu 250, na zaidi ya laki mbili wametoka makwao. Huku kwetu Mto Athi ulitoka kwenye njia yake usiku wa kuamkia Jumapili, tarehe 28.

Saa nane usiku mlinzi wa kanisa alinipigia simu. "Pasta, kuna watu langoni. Ni wengi, wamelowa, wana watoto. Wengine ni washirika wetu. Nifungue?"

Nataka jibu langu mlisikie kutoka kinywani mwangu, kabla hamjalisikia kwa wengine. Nilimwambia: "Wape pole. Waambie waende shuleni, kule kuna nafasi. Kesho tutakuja kuwaombea."

Mnakumbuka harambee ya Februari? Tulinunua zulia jipya la madhabahuni, na spika mbili kubwa. Wapendwa, usiku ule watu wangu wakiwa ndani ya maji, mimi kitandani kwangu nilikuwa nafikiria matope juu ya zulia. Na saa nne asubuhi nilisimama juu ya zulia hilo, likiwa kavu, nikahubiri juu ya upendo. Mlisema Amina. Mungu anisamehe.

Wale watu walipanda mpaka shuleni. Shule ilikuwa imefungwa kwa likizo ya Aprili. Mwalimu mkuu alikuwa kwao, simu yake haishiki. Langoni alikuwa soja peke yake, mzee wa watu, na tochi yake. Hakuwa na ruhusa ya mtu. Alijua vizuri kwamba kitu kikipotea, ni mshahara wake utakaokatwa. Alifungua lango kwanza, ruhusa akaitafuta baadaye.

Mzee huyo si mshirika wa kanisa lolote ninalolijua. Jumapili nikienda kanisani humpita amekaa kwenye kiti chake cha plastiki, na nimeshawahi kusimama nikamwambia kwamba amepotea. Usiku ule mimi niliyeokoka nilifunga, na yeye niliyemwita mpotevu akafungua. Nimelala na jambo hilo karibu mwezi mzima. Halilaliki.

WALICHOFANYA WATU WA SHULE

Mpishi wa shule alifika saa kumi na moja alfajiri amevaa gambuti. Nyumba yake mwenyewe ilikuwa na maji ya kufika magotini. Aliwasha jiko la kuni, akateleka sufuria kubwa ile ya watoto, akapika uji. Jua lilipochomoza, kila mtoto aliyekuwa pale alikuwa ameshika kikombe cha moto mkononi.

Mwalimu wa chekechea yeye alifanya kile mwalimu hufanya bila hata kufikiri: aliita rejista. Alichukua daftari, akaandika jina la kila aliyeingia, anakotoka, ana watoto wangapi, na nani wa kwao hajaonekana. Akagawa madarasa. Akina mama wenye watoto wachanga hapa, wazee pale karibu na vyoo, wanaume upande ule. Siku ya pili baba mmoja alikuja analia, anatafuta kijana wake. Jina la mtoto lilikuwa ukurasa wa nne. Alikuwa amelala Gredi ya 5, chini ya dawati. Na chifu na watu wa Msalaba Mwekundu walipoleta blanketi, hawakuanza kuhesabu watu upya. Walilifuata daftari lile.

Naibu wa mwalimu mkuu alikatiza likizo, akaja sehemu ya njia kwa miguu kwa sababu gari halikuweza kupita. Mwalimu wa sayansi alisimamia maji: hakuna kunywa bila kuchemsha au kutia dawa, maana mafuriko yakitoka kipindupindu huingia. Walimu wa kike walilala kwa zamu mlangoni pa darasa la wasichana, na wakaweka taa njiani kuelekea vyooni. Mtu yeyote aliyewahi kulala kambini anajua kuna hatari ya usiku ambayo si ya maji. Karani wa ofisi aliwaandikia barua wale waliopoteza vitambulisho na vyeti vya kuzaliwa, wakaenda nazo kwa chifu.

Nimejiuliza: kwa nini wao, si sisi? Shule ina bomba, vyoo, paa, jiko na ua. Sisi pia tuna bomba, vyoo, paa, jiko na ua. Sufuria zetu za harusi ni kubwa kuliko zao. Kwa hivyo jibu haliko kwenye vyombo.

Jibu ni kwamba mwalimu huwajua watu wake. Anajua mtoto huyu ana pumu. Anajua nyanya huyu analea wajukuu watano peke yake. Anajua familia hii na ile hazisemezani, usiwalaze darasa moja. Mtu unayemjua kwa jina la mtoto wake ni vigumu kumfungia lango. Hapo dhamiri ilinishtaki. Mimi wengi wenu nawajua kwa bahasha ya zaka.

Na sisi kanisa tulifika lini? Siku ya nne. Sikukuu ya wafanyakazi, tarehe 1 Mei, tulienda na mikate, sukari na bango kubwa lenye jina la kanisa na sura yangu. Tukawapanga watu mstari. Tukaimba. Nikahubiri dakika arobaini, watoto wakiitazama mikate. Kisha tukapiga picha. Wale wafanyakazi waliokuwa wamekesha siku nne hawakuwemo kwenye picha. Tuliwaambia wasogee kidogo, bango lionekane. Picha hiyo mliipenda hapa kuliko mahubiri yangu yoyote ya mwaka huu. Nimeifuta leo asubuhi.

NENO LINASEMAJE

Fungua Matendo ya Mitume, mlango wa 27 na wa 28. Usisome haraka.

Paulo yuko melini na watu wengine, jumla yao 276. Dhoruba inawapiga siku nyingi, meli inavunjika, wanafika ufuoni mwa Malta wakiogelea na kushikilia mbao. Kunanyesha na kuna baridi. Wenyeji wa kisiwa hawamjui Yesu. Hawana kanisa, hawana Biblia, lugha yao ni ngeni. Wanafanya nini? Wanawasha moto, wanawakaribisha wote. Hawaulizi nani mfungwa na nani askari. Hawaulizi nani ameokoka. Wanaona watu waliolowa, wanatafuta kuni.

Sasa angalia mambo matatu.

La kwanza, Mungu alimtunza mtume wake kwa mikono ya watu wasio wa dini yake. Kwa hivyo usishangae akitunza washirika wa kanisa letu kwa mkono wa soja asiyekuja kanisani. Shangaa kwamba sisi tulikuwepo na mkono wetu haukuonekana.

La pili, Paulo mwenyewe aliokota kuni. Mtume! Mtu aliyeandika nyaraka! Hakukaa kando akisubiri kuletewa kiti ahubiri. Alibeba mzigo wa kuni akautia motoni, na maombi kwa wagonjwa yakaja baadaye. Sisi tulianza na maombi, na kuni hatukuleta kabisa.

La tatu, nyoka alitoka kwenye kuni akamshika Paulo mkono, na wale wale watu wema wakasema papo hapo kwamba huyu lazima ni muuaji, ameponea bahari lakini haki imemfuata. Walikosea. Mtu akipatwa na baya, sisi wanadamu hukimbilia kumtafutia dhambi. Kumbuka jambo hilo, nitalirudia.

Na Luka aliyeandika habari hii hakuuficha wema wa watu wa Malta. Aliuandika, na mpaka leo tunausoma. Hakuandika kwamba walikula misaada.

"WAMEKULA"

Sasa wewe uliyetuma ile sauti, na ninyi 31. Jumatano nilienda shuleni mwenyewe. Sikutuma mtu. Mwalimu mkuu alinikaribisha vizuri kuliko nilivyostahili, akafungua kabati, akatoa daftari. Kila debe lililotoka stoo limeandikwa: siku, kiasi, aliyelipokea, sahihi yake au kidole chake. Mahindi gunia tisa. Maharagwe gunia tatu.

Piga hesabu nami. Gunia tisa za kilo 90 ni kilo 810. Pale kulikuwa na watu karibu mia mbili, wakakaa siku 13. Gawanya. Ni kilo nne kwa kila mtu kwa siku zote hizo, yaani kama gramu mia tatu za mahindi kwa siku. Hiyo ni karamu? Huo ndio wizi mliouwekea alama za moto?

Mahindi hayo yalikuwa ya chakula cha mchana cha watoto wetu cha muhula wa pili. Walimu waliyatoa wakijua wazazi watauliza. Walikula waliofukuzwa na maji. Ndani ya daftari lile nilihesabu familia 17 za kanisa letu. Sitasoma majina hapa. Lakini kabla hujatuma sauti nyingine, mpigie mamako simu kwanza, umuulize hizo siku 13 alikuwa anakula wapi.

Simaanishi mwalimu haulizwi. La. Kenya hii tumeona misaada ikipotelea njiani, na mzazi ana haki ya kuomba hesabu. Lakini kuomba hesabu ni kwenda ofisini mchana, ukaketi, ukauliza, ukaonyeshwa. Kumwaga sauti usiku kwenye kikundi cha watu 200 bila kuuliza ni ushuhuda wa uongo, na ule una amri yake. Wahenga walisema shukrani ya punda ni mateke. Basi sisi tumepiga mateke tukiwa bado tumeshiba githeri yao.

"NI KAZI YAO, WANALIPWA"

Wengine mmeniandikia hivyo kwa faragha. Wanalipwa na nani?

Mpishi na soja hawako kwenye orodha ya Tume ya Huduma za Walimu. Wanalipwa na bodi ya shule, kwa pesa zinazotoka kwa wazazi. Wazazi ni mimi na wewe. Mwalimu mkuu hakutaka kuniambia, nilimlazimisha: hao wawili hawajapata mshahara tangu Machi, kwa sababu wazazi hatujalipa. Mpishi aliyempikia mtoto wako kwenye mafuriko anakudai wewe.

Na wale walimu vijana wa Sekondari Msingi waliokuwa wanabeba magodoro? Wawili kati yao walikuwa wanagenzi, wakipata shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato mwaka huo wa 2024. Shule zilipofunguliwa Mei 2024 wenzao nchi nzima waliingia kwenye mgomo wakidai kuajiriwa kikamilifu, na wengine wetu tukawaita wavivu. Hao wavivu waliinua wazee migongoni mwao.

Isitoshe ilikuwa likizo. Hakuna barua ya kazi ya mwalimu inayosema utalala sakafuni mlangoni ulinde wasichana wa watu. Hakuna ya soja inayosema ufungue shule saa nane usiku. Walichofanya hakikuwa kazi yao. Ilikuwa kazi yetu. Ni sisi tuliopewa amri ya kumlisha mwenye njaa na kumkaribisha mgeni, na Bwana amesema siku ile atatuuliza hayo (Mathayo 25). Yakobo naye katika mlango wa tano anasema mshahara wa mfanyakazi uliozuiliwa hupiga kelele, na kelele hiyo humfikia Bwana. Sasa fikiria: tunaomba mvua ipungue, na mshahara wa mpishi unapiga kelele juu ya maombi yetu.

"NI HUKUMU YA MUNGU"

Hili nalo limesemwa, tena na mzee wa kanisa. Kwamba maji yalikuja kwa sababu ya baa zilizo kando ya mto, na shule haikupaswa kuwahifadhi walevi.

Mpendwa, soma Luka 13. Mnara wa Siloamu uliangukia watu 18 wakafa. Yesu aliwauliza wale waliokuwa wakisema kama wewe: mnadhani hao walikuwa na makosa kuliko watu wote wa Yerusalemu? Akajibu mwenyewe kwamba sivyo, akawageuzia neno la toba wao waliokuwa salama. Wewe uliyelala pakavu ndiye uliyeambiwa utubu.

Kumbuka nyoka wa Malta. Usiseme mtu ni muuaji kwa sababu nyoka amemshika.

Na tuseme ukweli wa macho. Mto ulijaa kwa sababu mvua ilikuwa nyingi mno, mitaro yetu imezibwa na plastiki, na watu tumejenga mahali ambapo maji hupitia. Maji hayakuchagua baa. Yaliingia nyumba za washirika wetu wanaofunga na kuomba, kwa sababu kodi ya kando ya mto ndiyo wanayoiweza. Kumwambia mama kama huyo kwamba amehukumiwa ni kumfurika mara ya pili.

"KANISA LINANUKA"

Hapa sasa ndipo panapouma, na ndipo nitakaposimama.

Mnajua tarehe 10 Mei, siku ya mapumziko ambayo serikali iliitenga kuwakumbuka waliokufa na kupanda miti, tulihamisha familia 14 kutoka shuleni zikaja kulala ndani ya kanisa letu. Wengine walikuwa wamepata jamaa au chumba cha kupanga. Hawa hawakuwa na pa kwenda. Shule zilikuwa zinafunguliwa Jumatatu tarehe 13, baada ya kuahirishwa mara mbili. Watoto walikuwa wameshapoteza wiki mbili za masomo. Darasa likilalwa na watu, mtoto hasomi, na si wa mlevi tu. Ni wako na wangu.

Tangu siku hiyo tunaabudu chini ya hema. Nimepokea malalamiko kuliko ninayopokea mwaka mzima. Zulia limeharibika. Kanisa linanuka moshi na nepi. Wageni hawatarudi. Wazee watatu wameniandikia barua wakitaka familia hizo ziwe zimetoka kabla ya mwisho wa mwezi, ili tuwe na kongamano letu la Juni ndani ya jengo.

Nawajibu wote hapa. Darasa hutumika siku tano kwa wiki, asubuhi mpaka jioni. Jengo letu hutumika Jumapili, Jumatano jioni, na kesha la Ijumaa. Siku zingine zote hukaa limefungwa na kufuli, tupu, likilindwa dhidi ya wenye dhambi. Nani kati ya wawili hao alistahili kuwa kambi tangu mwanzo? Shule ilibeba mzigo wetu siku 13, na watoto wakaulipia kwa masomo yao. Sisi tukiulizwa tubebe wiki chache tunalia zulia!

Familia hazitoki mpaka kila moja iwe na mahali pa kulala. Kongamano litakuwa chini ya hema. Anayeona hawezi kuabudu pahali palipolala maskini, aniambie anamwabudu nani, maana Mwana wa Mungu alilazwa pahali pa kulishia ng'ombe na sidhani palinukia udi.

Kuna aliyeniuliza, "Pasta, mbona unatuaibisha mbele ya watu wa nje?" Ndugu yangu, watu wa nje walikuwa langoni usiku ule. Walituona. Kosa lilifanyika mbele yao, basi na toba ifanyike mbele yao.

TUTAKACHOFANYA

1. Jumapili hii baada ya ibada tunapanda shuleni pamoja, mimi nikiwa mbele. Nitamwomba msamaha yule mzee wa lango mbele yenu. Aliyetuma sauti, na waliotia moto, nawasihi mje. Bango litabaki nyumbani. Simu zibaki mfukoni.

2. Sadaka yote ya Jumapili, bila kutoa hata shilingi ya stima, inaenda kununua mahindi gunia tisa na maharagwe gunia tatu. Tunarudisha kilichotulisha. Huo si msaada, ni deni. Kikizidi, kitalipa lori la kunyonya vyoo vya shule, ambavyo vilijengewa watoto wa mchana tu na vikatumika usiku na mchana siku 13.

3. Kila mzazi wa kanisa hili mwenye mtoto pale alipe anachodaiwa kabla ya mwisho wa mwezi, mpishi na soja wapate mshahara wao. Usilete zaka kwangu ukiwa na deni la mpishi. Mlipe kwanza. Mungu ataelewa, na mimi nitaelewa.

4. Vijana mafundi, Jumamosi ya tarehe 1 Juni lete nyundo na misumari. Madawati 22 yamevunjika. Mengine yalichomwa kuni siku ile mvua ililowesha kila kitu, ili watoto wachanga wapate uji. Mbao nimeshaahidiwa.

5. Ufunguo wa kanisa nimechonga nakala tatu. Moja iko kwa mlinzi wetu, na ameambiwa asinipigie simu kuuliza, afungue. Moja iko kwa chifu. Ya tatu nitampa mwalimu mkuu Jumapili. Mvua za vuli huanza Oktoba. Tukifika huko, kila kiongozi wa kikundi cha nyumbani awe na daftari la watu wake: nani mgonjwa, nani mjamzito, nani anaishi karibu na maji, nani hana mtu. Mwalimu wa chekechea amekubali kutufundisha jinsi ya kuliweka. Naam, tutafundishwa na mwalimu wa chekechea, na mimi nitakaa kiti cha mbele.

TUOMBE

Baba, katika jina la Yesu, tulifunga pale uliposema tufungue. Usitulipe sawasawa na kufuli letu. Wabariki wale uliowatumia sisi tulipokataa: mzee wa lango, mama wa jikoni, mwalimu mwenye daftari, na wale wote Mai Mahiu, Nyando, Tana River na kwingineko ambao walitandika madarasa wakalaza watu, na hakuna aliyewapiga picha. Walipe mishahara yao kwa mikono yetu. Wafariji waliozika. Wape nyumba waliolala kwetu. Na mvua nyingine ikija, ikute lango la nyumba yako liko wazi. Amina.

Sasa unaweza kuandika Amina yako. Lakini Jumapili nitaangalia miguu, si vidole. Tukutane saa tatu, tuondoke saa saba kamili kwenda shuleni. Vaa viatu vya matope.

Mbarikiwe.

Ni mimi mtumishi wenu, niliyefunga lango na ninayejifunza kulifungua.
Pasta wenu.